Mvinyo wa Marehemu

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la treni, kumbe masikio ameyatega kwenye kiti cha mbele. Mjane mwenye chupa ya mvinyo mweupe wa Chile, ule wa bei chee, alikuwa amembana mhudumu wa mvinyo wa hoteli aliyevaa sare yake.

"Mwanangu, kazi yako si ndiyo hii? Onja uniambie wamebadilisha nini."

Mhudumu akaonja kwenye kikombe cha mjane, akasukutua, akatemea kwenye kopo tupu alilokuwa nalo. "Ndimu, na tufaha bichi kwa mbali. Ni uleule, mama."

"Wapi! Marehemu akitoka melini alikuwa ananiletea huu huu. Anaonja yeye kwanza, halafu ananipa glasi yake. Ulikuwa mtamu!"

"Mama, huu haujawahi kuwa mtamu."

"Utajuaje, na wewe unatema?"

Fundi akauma mdomo asicheke. Treni ikaanza kupunguza mwendo. Mjane akamimina tena, akageuka nyuma na kumnyooshea fundi kikombe.

"Hebu onja wewe kwanza, baba, halafu unipe. Ila usiteme."

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo cha fundi, lakini hakuinuka.