Chupa ya Jamu Kwenye Gari la Breki

Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya kinyozi, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Birika ni langu, makaa ni yangu, vikombe ni vyangu. Maneno tu ndiyo ya kila mtu, na ndiyo maana hayaishi. Jioni ile walikuwepo wenyewe watatu. Breki, dereva wa teksi, tuliyempa jina hilo kwa sababu hajui kupita mtu bila kusimama kumsalimia. Daktari, fundi wa magari, anayetega sikio kwenye injini halafu akatikisa kichwa kama analeta habari za msiba. Na Redio, kinyozi, ambaye waliomtengeneza walisahau kitufe cha kuzimia. Mjadala ulikuwa chupa ya jamu. Daktari aliijaza maji na chumvi, akaifunga kwa waya chini ya boneti ya Breki, akatoa kimpira mpaka kwenye injini, akatangaza kwamba sasa gari litakula petroli kidogo. Si mchezo lakini, maana kesho yake alfajiri Breki alikuwa anampeleka mama yake hospitali ya macho, mji wa mbali, kwa barabara isiyo na kituo cha mafuta hata kimoja katikati. Mwezi uliopita walikwama huko, mafuta yamekwisha, mama akakaa juu ya jiwe kando ya barabara mpaka jua likageuka, na nafasi yake ya upasuaji akapewa mgonjwa mwingine. Sasa Breki alitaka kuamua: abebe dumu la akiba, ambalo harufu yake humtapisha mama, au aiamini chupa?

Daktari: Dumu la nini, kaka? Kubeba dumu wakati chupa ipo ni sawa na kuoa halafu ukaendelea kula hotelini.

Breki: Nauliza tu. Hata mara ile nilikuwa na uhakika.

Daktari: Mara ile hukuwa na chupa. Tumepima au hatukupima?

Redio: Tumepima! Tena kisayansi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari limejitembeza mpaka geti la shule, unataka ushahidi gani tena?

Mimi: Redio, kinachojitembeza si ndicho kibaya?

Redio: Ndiyo. Na gari la Breki ni bovu. Kwani nimelisingizia?

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Jumamosi, kabla ya chupa, tulikausha tangi, tukamimina petroli kopo moja, kopo la rangi lililooshwa vizuri. Redio akasema penye wengi hapaharibiki neno, basi tukapanda wote na kushika barabara ya uwanja wa mpira mpaka gari likazima. Lilizimia kwa mfyatua matofali. Jumapili chupa ikafungwa. Kopo lile lile, barabara ile ile, na gari likampita mfyatua matofali, likapita msikiti, likaenda kuzimia geti la shule. Breki alitupigia simu kutoka huko anapayuka kwa furaha, nasi hapa benchini tukakumbatiana kama tumefunga bao.

Breki: Lakini Daktari, nieleze kitu kimoja. Maji yanafanyaje kazi ya petroli?

Daktari: Hayafanyi kazi ya petroli. Yanaituliza injini. Wewe ukinywa maji mengi kabla ya chakula, unamaliza sahani?

Breki: Simalizi.

Daktari: Basi na injini ni hivyo hivyo. Inashiba mvuke, petroli inaidonoa tu.

Redio: Hiyo ndogo. Mimi nina sumaku mbili, nimezitoa kwenye spika mbovu. Zifunge kwenye mpira wa mafuta. Petroli ikipita hapo inajipanga mstari, kama wanafunzi wamemwona mwalimu mkuu. Hakuna kusukumana, hakuna tone linalopotea.

Breki: Inaokoa kiasi gani?

Redio: Theluthi.

Breki: Umepima?

Redio: Sumaku haipimwi, bwana. Inavuta yenyewe.

Daktari: Na chupa yangu theluthi. Halafu ukiniruhusu nikuzibie ekzosi nusu, moshi unarudi ndani kuchomwa mara ya pili. Moshi ni nini? Ni petroli iliyoacha shule. Tukiirudisha darasani, theluthi nyingine hiyo.

Mimi: Theluthi, theluthi na theluthi. Kwa hiyo gari halitakula kitu?

Daktari alitazama juu kidogo, vidole vikihesabu.

Daktari: Kihesabu, ndiyo. Halitakula.

Redio: Na tukiongeza la nne, tangi litaanza kujaa lenyewe! Haba na haba hujaza kibaba. Breki, utapita kituo cha mafuta, wao ndio watakusimamisha wakuombe.

Breki alicheka, lakini mguu wake ulikuwa unagonga chini bila kupumzika. Namjua. Mtu akicheka huku goti linacheza, ujue kicheko kimeazimwa. Nilimwonea huruma, nikamwongezea kahawa kabla hajaomba.

Breki: Jamani, utani pembeni. Siku ile kwenye jiwe mama hakunilaumu hata neno moja. Angenitukana, ningepumua. Na wamesema tukichelewa tena, hata hilo jicho la pili hawaliahidi. Niambieni kweli. Chupa itanifikisha?

Daktari: Itakufikisha na kukurudisha. Naweka mkono motoni.

Redio: Weka wa kwako, wangu unashika mkasi. Lakini utafika, kaka! Mwenda pole hajikwai, na mwenye chupa ndiyo kabisa.

Mimi: Utafika.

Nilisema hivyo, tena kwa sauti, kwa sababu geti la shule ni mbali kuliko kwa mfyatua matofali, na hilo hata mtoto analiona.

Breki: Basi. Dumu libaki nyumbani. Mama asafiri kwa raha zake.

Tukagonganisha vikombe. Hapo ndipo dada yake Breki alipotokea kwenye kona, amemshika mama yao mkono, wanakuja polepole, mama anapapasa ardhi kwa wayo kabla ya kukanyaga.

Wote: Shikamoo, mama!

Mama: Marahaba, wanangu. Nimefika kwenye kahawa, pua inaniambia. Niwekeni chini kidogo.

Redio alimpisha, akaketi juu ya ndoo.

Mama: Sikai sana. Nimekuja kuwashukuru. Mwanangu ameniambia mlivyohangaika. Watu wazima na heshima zenu kubanana kwenye lile gari, magoti mdomoni, ili mimi nisikwame tena. Mungu awalipe.

Daktari: Si kitu, mama. Wewe ni mama yetu sote.

Redio: Mimi nilikaliwa na huyu Daktari, mama. Paja hili mpaka leo si langu.

Mama: Pole, mwanangu. Na siku ya pili, ile ya chupa, nani alikukalia?

Redio alifungua mdomo. Tangu nimfahamu, ni mara ya kwanza nauona umefunguliwa na hautoi kitu.

Redio: Siku ya pili... Daktari, wewe ulikaa wapi?

Daktari: Mimi nilikuwa nasikiliza injini. Kwa mbali. Wewe je?

Redio: Nilikuwa na mteja kitini. Nusu kichwa.

Daktari: Mteja gani! Si wewe uliyeona chupa inatoa povu ukasema itatulipukia?

Redio: Na wewe uliyeitengeneza ukarudi nyuma hatua ngapi?

Wakanigeukia mimi. Nikasema birika lilikuwa motoni. Lilikuwa motoni kweli, lakini birika langu huwa motoni kila siku.

Dada: Kwa hiyo Jumapili kaka alikuwa peke yake humo ndani?

Breki alikuwa analitazama gari lake pale kando ya barabara, anatazama kiti cha mbele, kisha vya nyuma, kimoja kimoja.

Dada: Kesho tuko mimi, mama, shangazi na mizigo yetu.

Daktari: Sasa kitaalamu, uzito wa binadamu na uzito wa...

Breki: Daktari. Kunywa kahawa.

Daktari akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu, akanywa hivyo hivyo. Breki alichuchumaa mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia pale kijiweni.

Breki: Mama, nilitaka usafiri vizuri. Lakini kesho itabidi nibebe dumu. Najua ile harufu inavyokufanya.

Mama: Libebe, baba. Nitatapika, nitasukutua, tutafika.