Hamira Tumboni mwa Mama

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, semeni tena kwa nguvu, maana yule mama anayecheka pale nyuma, mwenye leso ya manjano, ndiye mama yangu, na sisi tulikuwa tumeshaanza kumlilia.

Mimi ni Chepkoech, yule wa mandazi kule Bondeni. Ndoto yangu ya kufungua bakery mnaijua, hata jina nimeshachagua. Basi homa ya matumbo ilitoboa utumbo wa mama. Wakampasua, wakamshona, wakamlaza ICU na mashine ya kupumulia. Tukasema, sasa atapona. Wapi! Joto lilikataa kushuka. Dawa ya bakteria ikabadilishwa, ikaongezwa, na tumbo likazidi kufura. Nilikuwa nasimama pale kwa kitanda namwambia, "Mama, usiniache. Bakery nitamfungulia nani?"

Daktari, dada mmoja mpole, akapeleka maabara maji yaliyotolewa tumboni. Akarudi akatuambia ni fangasi.

Auntie Chebet, dada yake mama, akaruka. "Fangasi si ni ya vidole vya miguu? Ama ni mandazi ya huyu msichana!"

"Hapana, mathe," daktari akacheka kidogo. "Hii ni kama ndugu ya hamira. Inaishi tumboni mwa watu wengi, imetulia tu. Utumbo ukitoboka inatoka nje, na dawa za bakteria haziiui. Sasa tutampa dawa yake."

Ndugu zangu, hamira naijua! Isahau mahali penye joto, utakuta unga umemwagika mezani. Hapo nikajua cha kuombea. Sikusema tena, "Bwana, fanya kitu." Nilisema, "Bwana, hiyo hamira ife!"

Dawa ikaanza kuingia kwa mshipa. Joto bado. Mchana mmoja nikamkuta Auntie kwa mlango wa ICU, leso ina nundu kifuani. Kibuyu cha mursik! Kwetu mgonjwa hatembelewi bila maziwa hayo ya mgando.

"Kijiko kimoja tu kwa ulimi," akaninong'oneza, machozi yanamtoka. "Wanamuua na njaa."

Hata mimi nilitamani, Mungu anajua. Lakini nikakumbuka ule mshono. "Auntie, utumbo haujashikana. Tukimpenda hivyo tutamzika." Tukakaa chini kwa sakafu, kibuyu katikati yetu, tukaomba huku wauguzi wanatuzunguka wapite.

Ndugu zangu, joto lilishuka! Likashuka, likakaa huko chini. Tumbo likalegea. Bomba likatolewa kooni, na mama, kwa sauti imekwaruza, akauliza, "Chebet, mbona unanuka mursik?" Haleluya! Tulicheka tukilia.

Wewe uliye na mgonjwa leo, usikate tamaa. Mtumaini Mungu aliyemtuma huyo daktari, na ukiambiwa ngoja, ngoja ukiomba. Sasa daktari amemruhusu mama kula kila kitu. Mandazi yako pale kwa meza, moto. Kibuyu cha Auntie pia kiko. Lakini ndugu zangu, msiguse! Mama ndiye wa kwanza kunywa.