Debe la Maji na Mtumbwi Mbichi

Siku moja ya mwaka 1957, pikapu kutoka Masasi ilipoanza kupanda mlima wa Newala, Bimdogo, bibi wa wajukuu tisa, aliona fundi wa mitumbwi aliyeketi karibu naye hatulii. Kila mara alipapasa mtumbwi wake mpya uliofungwa kwa kamba katikati ya abiria. Mti wake ulikuwa bado mbichi, na majani yenye maji aliyoufunikia usipasuke yalishakauka kwa jua na upepo.

"Mama," fundi alimwambia mwanamke waliyetazamana naye, mwenye debe la maji, "nipe vikombe viwili niloweshe majani. Ukipasuka huu, Ruvuma nitaivuka kwa nini?"

"Kwa miguu, kama sisi wa huko juu kusiko na maji tunavyoyafuata bondeni. Binti yangu amejifungua juzi. Nikamwogeshe kwa majani yako?"

"Kimoja basi."

"Si ungeuchonga huko huko mtoni?"

"Mti ulikuwa Nanganga, mama. Ningeuambia uhame?"

Abiria walicheka. Mwanamke hakucheka. Gari liliruka shimo, mtumbwi ukalia kwa ndani, fundi akafumba macho. Aliendelea kuomba, naye mwanamke akaendelea kukataa, mpaka wakasimama Newala.

Fundi alipojisogeza ampishe mwanamke, ndipo Bimdogo alipoona kwamba njia nzima fundi huyo alikuwa amelibana lile debe kwa magoti yake maji yasimwagike.

"Shuka, mama," fundi alisema. "Mzazi anakungoja."

Mwanamke alilishika debe, lakini hakulinyanyua; aliyatazama yale majani makavu juu ya mtumbwi.