Mikono Isifunikwe: Maisha ya Mzee Elijah Saruni ole Kuntai (1951–2008)

Mzee Elijah Saruni ole Kuntai, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 21 Juni 2008, alizaliwa hapa Bisil mwaka wa 1951, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kuntai na marehemu Mama Noonkipa. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari mosi. Mama yake alimweleza karani kwamba mtoto alikuja mvua za vuli zilipokuwa zinaanza, mwaka ambao ndama wengi walikufa, lakini fomu haikuwa na nafasi ya maelezo hayo. Kila mwaka mpya Mzee alikuwa akisema, "Leo tunasherehekea uvivu wa karani. Leteni chai."

Alianza shule mwaka wa 1960. Chifu alikuwa ameagiza kila boma litoe mtoto mmoja, na baba yake akamtoa yule aliyekuwa akipoteza mbuzi. Alisoma shule ya msingi hapa Bisil, akamaliza kidato cha nne Kajiado mwaka wa 1970, kisha akasomea afya ya mifugo na kupata cheti mwaka wa 1973.

Januari 1974 aliajiriwa na Idara ya Mifugo. Alifanya kazi Kajiado, na kuanzia mwaka wa 1988 akahamishiwa Kitengela, ambako alijenga na kuishi hadi mwisho wa maisha yake. Alisimamia josho la kuogeshea mifugo dawa ya kupe, akachanja ng'ombe, akazalisha ndama usiku na mchana. Wafugaji walimwita Daktari, na yeye hakuacha kuwasahihisha: "Mimi ni msaidizi. Daktari ana gari."

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na Naserian katika kanisa mjini Kajiado. Mungu akawajalia watoto watatu: Joram, Whitney na Sydney.

Tungeweza kuruka sehemu inayofuata. Wapo walioomba turuke. Hatutaruka, kwa sababu Mzee mwenyewe aliagiza isomwe, na kwa sababu wengi waliokaa hapa waliwahi kukataa mkono wake.

Mwaka wa 1993 aliugua koo vibaya, akapata na homa. Wiki chache baadaye alitokwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe kwenye viwiko. Yakaenda magotini, kichwani, na mwishowe mikononi. Mtaalamu wetu wa mifugo akajichunguza kama anavyochunguza ng'ombe, akaamua kwamba ameambukizwa upele kazini. Basi akafanya kosa ambalo labda mtu wa josho pekee angelifanya: alichanganya dawa ya kupe kwenye ndoo, akajiosha mikono na miguu. Ngozi iliungua. Na kila mahali ilipoungua, mabaka mapya yakaota. Miaka mingi baadaye alikuwa akicheka, "Nilijiogesha kama fahali, na hata fahali hutoka akiwa mzima." Wakati ule hakuna aliyecheka.

Baadaye alinunua krimu kwenye kibanda, kikopo kisicho na maelezo. Ngozi ikang'aa kwa wiki mbili. Alipoacha kupaka, ugonjwa ulirudi ukiwa mkali kuliko mwanzo. Watu nao wakawa na majibu yao. Wengine walisema ni ukoma, wengine damu chafu, wengine laana ya mzee fulani aliyenyimwa nyama. Mwenye hoteli alimwekea kikombe chake peke yake, chenye alama ya rangi chini.

Aliyavumilia hayo yote. Lililomvunja ni jambo moja. Sisi sote tunajua kwamba mtoto wa Kimaasai akimkuta mtu mzima huinamisha kichwa, na mtu mzima humgusa utosini na kumwamkia. Mtoto hapiti bila kuguswa. Mnamo Agosti 1996, kwenye sherehe nyumbani kwa mdogo wake, Peterson, binti wa Peterson aitwaye Kakenya, aliyekuwa na miaka mitano, alimkimbilia Mzee na kuinamisha kichwa. Mzee alikuwa ameshanyosha mkono aliposikia mama wa mtoto akipiga kelele, "Kakenya, toka hapo! Usiguswe na huyo!" Mtoto akavutwa nyuma kwa nguo. Mzee alirudisha mkono chini ya shuka na kuuacha huko.

Aliuacha huko miaka miwili. Kwenye mikutano mikono ilikuwa mfukoni. Watoto wa Kitengela wasiojua habari waliinama mbele yake, wakangoja, wakainua macho kuona kwa nini mkono hauji. Mama Naserian anasema hakuwahi kumwona akilia kwa ajili ya kuwashwa, ingawa alikuwa akijikuna hadi shuka la kitanda linapata damu. Alilia kwa sababu ya watoto hao.

Mwaka wa 1998, Mama Naserian alimpeleka kwa daktari wa ngozi Nairobi, Daktari Amolo. Mazungumzo yao Mzee aliyarudia mara nyingi kiasi kwamba tunayajua kama sala.

"Mzee, huu si ukoma. Si upele. Unaitwa soriasisi."

"Nimeupata kwa ng'ombe?"

"Hukuupata kwa ng'ombe wala kwa mtu, na huwezi kumpa mtu. Kinga ya mwili wako, badala ya kukulinda tu, inaichochea ngozi. Ngozi ya kawaida hujijenga upya kwa karibu mwezi mmoja. Yako inajijenga kwa siku chache, ndiyo maana inarundikana na kuwa magamba. Mtu huzaliwa na mwelekeo huo. Halafu kitu kinauamsha: koo, jeraha, mawazo mengi, hata dawa fulani. Kwenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

Mzee alikumbuka shangazi aliyefunika kichwa maisha yake yote.

"Utaniponya?"

"Nikisema nitaumaliza, nitakuwa nakudanganya. Lakini naweza kuutuliza, tena vizuri."

"Daktari, niko na swali moja tu. Naweza kumgusa mtoto?"

"Hata leo. Hata ukiwa umejaa mabaka."

Kuanzia siku hiyo hakuificha tena mikono. Alianza na marhamu ya lami iliyochanganywa na dawa ya kulainisha magamba, mafuta mazito baada ya kuoga, na jua la asubuhi kwa dakika alizopimiwa. Nyumba ilinuka lami. Joram alimwambia, "Baba, unanuka barabara ya Namanga," naye akajibu, "Afadhali barabara inaenda mahali." Hayo yalipopungua nguvu, mwaka wa 2001 Daktari Amolo alimwanzishia vidonge vinavyotuliza kinga ya mwili. Alivimeza mara moja tu kwa wiki, Jumapili baada ya ibada, na Mama Naserian akiweka alama kwenye kalenda, kwa kuwa kuvimeza kila siku kunaweza kuua. Alipimwa damu na ini kila alipoitwa, na pombe hakuigusa. Wagonjwa wenzake walipomwomba kidonge kimoja cha kujaribu, aliwafukuza: "Mimi nimepimwa. Wewe umepimwa na nani?"

Alitumia josho kama darasa, kwa sababu mfugaji aliyepanga foleni na ng'ombe mia moja hana pa kukimbilia. Alikunja mikono ya shati akaonyesha mabaka. Siku moja mtu alimrushia maneno: "Daktari wa ng'ombe, si ujitibu kwanza!" Mzee akamjibu mbele ya wote, "Najitibu kila siku. Wewe ujinga wako unautibu lini?" Wakacheka, wakasikiliza. Aliwaeleza jinsi alivyojiunguza kwa dawa ya kupe, ili asiwepo mwingine wa kurudia. Aliwaambia waogope kikopo kisicho na jina, na waende hospitali mapema.

Mwaka wa 2002 alisikia kwamba jirani yake, Maundu, amemtoa shule binti yake, Kavata, aliyekuwa darasa la saba, kwa sababu alikuwa ametokwa na mabaka yenye magamba kichwani na mikononi, na wanafunzi walikataa kukaa naye dawati moja. Alikwenda kwa Maundu, akamtazama msichana kichwani, akakaa sakafuni karibu naye, akaweka mkono wake kando ya mkono wa msichana. "Tazama," alisema, "sisi ni ukoo mmoja." Alimpeleka kliniki mwenyewe, kisha akasimama mbele ya mkutano wa wazazi shuleni na kukataa kuketi mpaka msichana arudishiwe nafasi yake kwenye dawati. Kavata ni mwanafunzi wa uuguzi sasa. Yuko hapa.

Na Mama Kakenya yuko hapa. Ametupa ruhusa kusema kwamba Desemba 2003 alimleta binti yake Kitengela yeye mwenyewe, akamwambia Mzee, "Shemeji, nilifikiri ninamlinda mtoto." Kakenya, msichana wa miaka kumi na miwili, aliinamisha kichwa. Mkono ukaja. "Nakerai, takwenya," Mzee akamwamkia mtoto kwa Kimaasai. "Iko," akaitikia Kakenya. Kisha Mzee akaomba chai.

Daktari Amolo alikuwa amemwonya kwamba wenye soriasisi kali wako katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo, wapime presha na sukari. Alipima, akapunguza chumvi na nyama ya mafuta, akatembea kila asubuhi. Alistaafu mwaka wa 2006. Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kuchoka upesi na kubanwa kifua. Alilazwa tarehe 9 Juni, na Alhamisi tarehe 12 Juni 2008, saa kumi na moja alfajiri, moyo wake ulisimama, Mama Naserian akiwa ameushika mkono wake.

Katika kikao cha mipango ya mazishi lilitolewa wazo avalishwe glavu nyeupe, kwa kuwa wageni watakuwa wengi. Mama Naserian alisimama. "Mkimfunika mikono, nifunikeni na mimi." Kikao kikaisha.

Ameacha mke, Naserian, watoto Joram, Whitney na Sydney, wajukuu wanne, ndugu yake Peterson na familia yake, na Kavata, aliyemwita Baba.

Jeneza liko wazi na mikono yake iko juu ya shuka, kama alivyoagiza. Hakuna atakayeambukizwa chochote. Wazazi, watoto watapita kwanza, wakiongozwa na Kakenya. Wakitaka kuinama, asitokee mtu wa kuwavuta nguo. Yeye hawezi tena kunyosha mkono, kwa hiyo mara hii vichwa ndivyo vitakavyoufuata.

Mikono hii imefanya kazi yake. Mungu aipumzishe kwa amani.