Bi Mkanda na Diski Zisizofungwa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza chumba cha picha na sauti cha shule yetu, Bi Mkanda anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Jina lake halisi limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi wengine, kuanzia wanafunzi hadi mwalimu mkuu, hatujawahi kulitumia, na tuna wasiwasi kwamba likitajwa ukumbini leo hatageuka.

Klabu ya Maktaba imepewa heshima ya kuandika wasifu huu kwa sababu maktaba na chumba chake vinatenganishwa na ukuta mwembamba sana. Tumesikia mengi.

Alianza kazi kama msaidizi wa maabara, akiosha chupa na kuwahesabu vyura. Shule iliponunua televisheni na deki ya kwanza, alitafutwa mtu wa kuvitunza, na uchaguzi haukuwa mgumu. Bi Mkanda alikuwa akisoma vijitabu vya maelekezo jinsi watu wengine wanavyosoma riwaya: taratibu, kwa chai, na wakati mwingine akirudia kurasa alizozipenda. Alipewa ufunguo wa chumba kile cha ghorofa ya pili na hajauachia tangu hapo, hata alipokuwa na homa.

Kila mahafali, kila tamthilia na kila mdahalo alivirekodi yeye kwa kamera ya shule. Kanda zilijaa makabati mawili, ndipo akapata jina lake. Kisha kanda zikaanza kuota ukungu. Alihuzunika kama mtu anayeuguza, na hakupumzika mpaka shule ilipokubali kununua mashine ya kurekodi kwenye diski za DVD.

Safari ya kwenda dukani alifuatana na makamu mkuu wa shule, na makamu mwenyewe ndiye hutusimulia. Yeye alikuwa ameshapenda mashine moja yenye taa za buluu zinazocheza. Bi Mkanda hakuitazama mara mbili. Alitaka kujua kama mashine inameza mkanda na diski kwa pamoja, ili ihamishe kutoka kimoja kwenda kingine bila rundo la nyaya. Alitaka kujua inakubali diski tupu za aina gani, zile zenye alama ya kutoa, zenye alama ya kujumlisha, au zote. Aliuliza saa ngapi zinaingia kwenye diski moja kabla sura za watu hazijaanza kuwa na ukungu tena. Muuzaji aliposema kila kitu kinawezekana, Bi Mkanda alifungua mkoba, akatoa mkanda aliokuja nao kutoka shuleni na kumwomba amwonyeshe. Muuzaji alimvuta makamu pembeni na kumuuliza kama huyu mama ni mkaguzi. Waliondoka wakati duka linafungwa, na mashine waliyonunua ilikuwa mbaya kwa sura kuliko zote. Ndiyo hiyo hiyo iliyopo hadi leo, ingawa sasa droo yake haifunguki mpaka ubembeleze kwa rula.

Kuhusu diski alikuwa mkali zaidi. Za bei ya kutupa, zinazouzwa bila hata jalada, alizijaribu mara moja, picha ikakwama katikati ya wimbo wa shule, huku kiongozi wa kwaya akiwa kinywa wazi. Za kufutika na kurekodiwa upya alizipiga marufuku baada ya mwalimu wa michezo kufuta maonyesho yote ya sayansi ili apate nafasi ya fainali ya mpira, ambayo hata hivyo tulifungwa. Tangu hapo alinunua zile za kuandikwa mara moja tu, aina moja, kutoka duka moja. Karatasi ya gundi hairuhusiwi kubandikwa juu yake. Kalamu ya ncha ngumu hairuhusiwi. Na ukishika diski kwa uso wake badala ya kingo, anakutazama tu, nawe mwenyewe unairudisha mezani na kwenda kunawa.

Lakini mtu huyu makini alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanya kabisa. Hakufunga diski.

Kwa wasiojua, diski ukishairekodi bado haijamalizika. Lazima uiambie mashine iifunge, kazi ya dakika kadhaa, na baada ya hapo huwezi kuongeza kitu. Usipoifunga, itacheza kwenye mashine iliyoirekodi tu. Deki nyingine zitasema hazioni chochote. Bi Mkanda aliyajua hayo, yako ukurasa wa arobaini. Ila diski ya kwanza kabisa aliyojaribu kuifunga, umeme ulikatika katikati, na tamthilia nzima ya kidato cha nne ikapotea. Siku hiyo hakula. Tangu hapo kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba bado kuna nafasi mwishoni, kwa nini tuifunge? Na anayetaka kuona apande ngazi.

Watu walipanda ngazi, na mambo yalikwenda hivyo kwa miaka, mpaka Kamanda aliponunua deki.

Kamanda ni mlinzi wetu wa getini. Binti yake alisoma hapa, na siku ya mahafali yake alipata zawadi ya mwanafunzi bora wa hisabati. Baba yake hakuona. Siku za mahafali magari hujaa na geti haliachwi, kwa hiyo alisikia makofi kutoka mbali, mengi, ya wanafunzi wengi, na hakujua yapi yalikuwa ya mwanawe. Mama yake naye hakufika, miguu humsumbua. Binti sasa anafanya kazi mbali na hurudi mara chache. Bi Mkanda alishamwambia Kamanda mara nyingi apande juu aangalie, naye kila mara alijibu kwamba haangalii bila mama watoto, na mama watoto hapandi ngazi.

Mwaka huu, aliposikia Bi Mkanda anastaafu, Kamanda alijikakamua, akanunua deki na kuja kuomba diski. Alipewa ikiwa imetiwa ndani ya bahasha mbili na kitambaa. Kesho yake aliirudisha. Deki yake imesema hakuna diski.

Bi Mkanda aliilaumu deki. Kamanda akaleta deki yenyewe, ameibeba kwapani kama kuku, na ikacheza kila kitu ilichopewa isipokuwa diski ile. Bi Mkanda akalaumu nyaya, kisha vumbi. Kamanda alimsikiliza kwa adabu zake zote, na sisi nyuma ya ukuta tuliacha kusoma.

"Dada," alisema mwishoni, "wewe ukiondoka, na hiyo mashine ikifa, mwanangu atakuwa wapi?"

Mkanda wa kamera wa siku ile ulishatumika tena kwa mambo mengine. Picha ilikuwepo kwenye diski hiyo moja tu. Ikifungwa vizuri, itaonekana popote. Umeme ukikatika, haitaonekana tena.

"Nitaifunga," alisema Bi Mkanda. "Lakini umeme usiguswe na mtu."

Wote tunajua umeme wa shule yetu. Jiko la umeme la jikoni na mashine ya kutoa nakala vikiwaka pamoja, swichi kuu inaruka. Kwa hiyo Jumatano moja, baada ya chakula cha mchana, Kamanda aliomba ruhusa ya kuacha geti kwa mara ya kwanza tunayoikumbuka, akazunguka shule nzima mlango kwa mlango. Mpishi alizima jiko na kusema chai ya saa kumi itanywewa kwa imani. Katibu alizima mashine ya nakala, na ndiyo sababu mtihani wa jiografia uliandikwa ubaoni. Darasa la ushonaji lilichomoa pasi. Mwalimu mkuu alizima feni na kuendelea na kikao akijipepea kwa faili. Kisha Kamanda akaenda kusimama mbele ya swichi kuu, kirungu mkononi, kana kwamba umeme ni mtu anayeweza kutoroka.

Juu, Bi Mkanda alibonyeza. Kwenye kioo cha televisheni mstari mwembamba ulianza kujaa, ukafika karibu na mwisho, ukasimama. Aliutazama bila kukaa. Mwalimu wa michezo, aliyekuja kuomba radhi ya miaka mingi, alibana pumzi pamoja naye. Mstari ukasogea. Mashine ikaandika kwamba kazi imekamilika, na droo, kwa mara ya kwanza mwaka huu, ikafunguka bila rula.

Asubuhi iliyofuata Bi Mkanda alipofika getini, Kamanda alimpigia saluti, jambo ambalo hata mwalimu mkuu hupata kwa nadra.

"Dada, unayakumbuka yale makofi marefu, yaliyokataa kuisha?" alisema. "Ndiyo yaliyokuwa yake."

Kuanzia wiki hiyo, kila Jumatano shule ilizima kila kitu na Bi Mkanda akafunga diski, moja baada ya nyingine, mpaka makabati yote mawili yakaisha. Sasa diski zote ziko maktaba, na yeyote anaweza kuziazima. Bado tunashauri mshike kwenye kingo.

Zawadi yake iko chini ya meza yenye kitambaa cheupe, na tunamwomba asichungulie. Ni mashine ya kurekodi ya nyumbani. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumchagulia, kila mfanyakazi alimwendea kwa siri akidai ana shangazi anayetaka kununua moja, naye alitoa ushauri bila kuchoka, akishangaa tu jinsi shule hii ilivyo na mashangazi. Inameza mkanda na diski, inakubali aina zote, na diski tupu ni zile zile, za duka lile lile.

Katika diski zote hizo yeye mwenyewe haonekani hata mara moja. Alikuwa nyuma ya kamera. Leo kamera ameishika Kamanda. Getini yupo mwalimu mkuu, na wageni waliochelewa tunawaomba radhi kama amewasumbua. Jiko limezimwa. Sherehe ikiisha, diski itafungwa papo hapo, hata ikibaki na nafasi, ili Bi Mkanda aione akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Asante, Bi Mkanda, kwa kututunza tulipokuwa hatujui kwamba tunatunzwa. Nenda na afya, na pumziko, na umeme usiokatika. Na sasa, wote tuliomo ukumbini, tusimame tumpigie makofi, na tusiharakishe kukaa.