Nilivyoacha Kujifungia kwa Hofu ya Ritani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Kamwene wote! Msinicheke, maana ushuhuda wangu leo si wa ugonjwa wala ajali. Mungu ameniponya hofu ya ritani ya kodi!

Mnanifahamu. Mimi ni Mama Tusa, mzaliwa wa Mbeya, fundi cherehani pale Kihesa. Safu yetu ya fremu za biashara ilikuwa na utaratibu wake. Watu wa kodi wakionekana barabarani, mmoja anapaza sauti, "Mvua hiyo!" Jua linawaka, lakini milango yote inafungwa. Nami najifungia ndani, nakaa gizani na cherehani yangu, nasali wapite. Fremu nilikuwa na mwaka mmoja tu, na ritani sikuwahi kujaza. Niliamini ukishapeleka tu hesabu zako, umekwisha, watakufilisi.

Ijumaa moja mwanzoni mwa mwaka mtu akapaza sauti, "Mvua hiyo!" Nikafunga. Mara mtu akagonga.

"Dada fundi, nifungulie! Nimetoka Igowole, mwanangu anapata kipaimara Jumapili!"

Gauni jeupe la mtoto lilikuwa tayari, nimelishika mkononi. Yule mama akagonga tena, kisha akaanza kulia. Ndugu zangu, basi la mwisho halimsubiri mtu! Nikasema, Bwana, wanifilisi tu, lakini mtoto huyu hataenda madhabahuni na nguo ya kuazima. Nikafungua.

Mama akachukua gauni, akanikumbatia, akaondoka mbio. Nyuma yake alikuwa amesimama dada mmoja, afisa wa kodi.

"Shikamoo mama," akasema. "Mbona mnatukimbia? Tunapita kuwakumbusha ritani. Njoo mapema, sasa hivi wala hakuna foleni."

Jumatatu nikaenda na kikapu cha risiti: vitambaa, uzi, pango la fremu. Kwa hofu, hata jina langu mwenyewe nikalikosea. Risiti nyingine sikuwa nazo, na kwa kuwa muda ulikuwa bado, waliniambia nikazitafute nirudi. Faini hakuna! Kodi iliyotoka niliimudu, tena nikapangiwa kulipa kwa awamu. Wenzangu waliongoja siku za mwisho walipanga foleni mpaka getini, na mtandao ukagoma.

Juzi yule dada wa kodi aliingia tena kwangu. Sikuinuka hata kwenye kiti! Kumbe alileta sketi ya kupunguza. Nikampunguzia, nikampa risiti, akacheka mwenyewe.

Namshukuru Mungu, sasa nashona mlango ukiwa wazi. Mtumainini Bwana, ndugu zangu, na ritani mpeleke mapema. Najua humu ndani wapo wanaoogopa. Wengine ni majirani zangu wa fremu, nawaona wameinamisha vichwa. Kesho asubuhi napeleka ya mwaka huu. Anayeogopa kwenda peke yake anisubiri hapo mlangoni baada ya ibada tupange saa. Nitamshika mkono, twende wote.