Chengo Kai Tinga, Fundi Aliyetaka Sanduku Moja Libaki Juu

Tumekusanyika hapa kwake Mjambere, Jumamosi hii ya tarehe 21 Juni 2025, kumsindikiza Chengo Kai Tinga. Alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1969, karibu na Kaloleni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Kai Tinga na marehemu Mbeyu. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Aliwatazama waliokuwemo chumbani mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu wageni, ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1977, akamaliza darasa la saba mwaka 1983. Hakuwa hodari wa vitabu, lakini alikuwa na jicho. Siku ambayo wanafunzi walipimwa urefu kwenye mlango wa darasa, Chengo alisimama pembeni na kutaja kipimo cha kila mtoto kabla mwalimu hajaweka rula. Hakukosea hata mmoja.

"Chengo, wewe utakuwa fundi cherehani," mwalimu akamwambia.

"Fundi cherehani hupima mara mbili, mwalimu," akajibu, na darasa zima likacheka.

Mwaka 1985 alijiunga na chuo cha ufundi cha kijiji, akajifunza useremala kwa miaka miwili. Mwaka 1988 akaja Mombasa, akafanya vibarua kwa mafundi wa Kongowea, na mwezi Agosti 1996 akafungua karakana yake mwenyewe Mishomoroni, ukuta mmoja na karakana ya milango ya Abdulghani. Wawili hao walikunywa kahawa pamoja karibu kila siku kwa miaka ishirini na minane. Alisema Kigiriama na mbao zake, Kimvita na Abdulghani, na Kikamba cha kuokoteza na mkewe, ambaye hakuwahi kukisahihisha, kwa sababu kilimchekesha.

Alianza na vitanda, meza na viti. Mwaka 1998 jirani alifiwa ghafla akamwomba jeneza, akalitengeneza kwa siku moja. Lilikuwa zuri mno. Tangu hapo vitanda vikapungua, maana watu hawakutaka kulalia kazi ya mkono uleule. Abdulghani alimtania: "Yakhe, hatuna kheri nawe sisi. Sisi twaenda kwa sanda." Chengo alikuwa akimjibu kwamba anamwekea mbao mbili za chini ya kichwa, kwa urafiki tu.

Katika kazi hiyo alishika desturi mbili, na wote waliowahi kununua kwake wanazijua. Ya kwanza, ndani ya kila jeneza, chini ya mto wa kichwa, aliandika kwa penseli jina la marehemu na kipimo chake. Aliianza baada ya majeneza mawili kubadilishana mikono siku moja kwenye chumba cha maiti, na familia mbili kukaribia kuzika wasio wao. Ya pili, hakukubali sanduku likae karakanani bila jina. Mafundi wengine hutengeneza mapema na kupanga barabarani, makubwa kwa madogo. Yeye hakukata ubao kabla ya kupewa jina. Alisema sanduku lisilo na jina hujitafutia mtu wa kulilalia.

Alikutana na Pascalia Musyoka mwaka 1992, Pascalia akifanya kazi katika kiwanda cha nguo Changamwe. Alipita Kongowea kutafuta kigoda. Chengo alimtazama mara moja akasema, "Futi tano na inchi tatu."

"Nimekuja kununua kigoda," Pascalia akasema, "sijakuja kupimwa."

"Kigoda chako kitakuwa cha inchi kumi na nne. Hicho hapo ni kirefu, kitakuumiza mgongo. Njoo Ijumaa."

Alirudi Ijumaa. Walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994, wakabarikiwa watoto wawili, Lynnette na Kai. Kigoda kile bado kipo jikoni.

Katika maisha yake Chengo aliomba kitu kimoja tu kwa ajili yake mwenyewe, na familia imeona vyema kieleweke leo. Siku ya mwaka mpya wa 2025, wakiwa mezani, alimwambia mkewe: "Miaka ishirini na sita natengeneza masanduku, na yote yako chini ya mchanga. Nataka nitengeneze moja libaki juu."

"Sanduku la nini?"

"La sauti. Gitaa."

Hakujua kupiga gitaa, wala hakuwahi kulitengeneza. Jumatatu tarehe 6 Januari aliazima gitaa la kwaya ya kanisa, akalipima kila upande, akalirudisha siku ileile. Akanunua daftari. Akaiegemeza simu yake kwenye kopo la rangi, na kuanzia siku hiyo akarekodi kila hatua, ili, kama alivyosema, atakayejaribu baada yake asikosee alipokosea yeye. Ameacha video sitini na tatu. Uso wa gitaa ulitokana na mbao laini za masanduku ya mizigo ya bandarini. Mbavu na mgongo ni mbao ngumu za mkangazi, mabaki ya majeneza aliyokuwa ameyaweka kwenye rafu kwa miaka mingi. Ubao wa mgongo aliutambulisha mbele ya simu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huu ulibaki kwa mama, mwaka 2011."

Video za mwanzo zinachekesha. Ubavu wa kwanza ulipasuka alipoukunja juu ya bomba la chuma lililojaa makaa. Wa pili ukapasuka pia. "Zimezoea kunyooka hizi," alisema, akamwagia ubao wa tatu maji ya moto, akaukunja polepole kama anavyovishwa nguo mtu mgonjwa, nao ukakubali. Alibana kila kitu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kila alipopunguza ubao kwa randa, aliugonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, akaandika kwenye daftari alichokisikia. Kwenye kurasa za kwanza aliandika "kavu", "nzito", "inaanza". Kufikia katikati ya Februari aliandika neno moja tu, siku tatu mfululizo: "inasikiliza".

Jumamosi tarehe 22 Februari alifunga mgongo. Ni video ya thelathini na moja. Kabla ya kupaka gundi anaonekana akitoa penseli sikioni, anainama juu ya ubao, anaandika, anairudisha penseli. Kisha anapaka gundi, anafunika, anafunga tyubu. Abdulghani anaingia na vikombe viwili.

"Nimekuona dirishani. Waandika nini humo?"

Chengo anaigusa penseli sikioni. Ni wazi kwa yeyote anayetazama kwamba anajaribu kukumbuka.

"Jina," anasema.

"La nani?"

"La mwenye sanduku."

Mafundi wa magitaa katika nchi nyingi huandika majina yao ndani ya ala zao, na hakuna anayeshtuka. Lakini mafundi hao hawaandiki kipimo. Gundi ilipokauka, wawili hao walimulika tochi kwenye tundu la gitaa, wakasoma kwa mwandiko uleule wa miaka yote: *Chengo Kai Tinga. Futi 5 inchi 6.*

"Umejipunja," Abdulghani akasema. "Wewe ni inchi tisa, hata mimi naona, na miwani nimeiacha nyumbani."

"Mkono umeandika wenyewe." Chengo akacheka kidogo. Baadaye, akiwa ametazama pembeni, akasema: "Lakini sijawahi kukosea kipimo."

Pascalia alipoiona video hiyo alimtaka aufungue mgongo. Chengo akakataa, kwa kuwa ubao ungepasuka. Basi Pascalia akafunga msasa kwenye ncha ya kijiti, tayari kuufuta mwandiko kupitia tundu.

"Baba Lynnette, nafuta. Usinizuie."

"Ukifuta, litabaki sanduku lisilo na jina, ndani ya nyumba yenye watoto na mjukuu. Unataka hivyo?"

Pascalia aliubandua msasa kwenye kile kijiti. Kisha akakiweka chini. Ameruhusu haya yasomwe leo, na amesema hajuti.

Mwezi Machi Chengo alianza kuumwa mgongo, kisha kukohoa. Tarehe 3 Aprili madaktari walieleza kwamba ilikuwa saratani na ilikwishafika kwenye uti wa mgongo. Alipokea habari hizo kwa utulivu na kuuliza kama angeweza kuendelea na kazi. Kadiri mgongo wake ulivyopinda ndivyo alivyokata miguu ya meza yake ya kazi, mara tatu kwa jumla, na vipande hivyo bado vipo. Gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani bila nyuzi. Katika video ya hamsini na mbili anasikika akikohoa nje ya picha, na gitaa linavuma chini kwa chini baada yake. Anakohoa tena, linavuma tena. Kisha hakohoi, na linavuma.

"Ni malori ya barabara ya Malindi," sauti ya Abdulghani inasema.

"Ni malori," Chengo anakubali, kwa namna ya mtu anayemwondolea mwenzake wasiwasi.

Jumapili tarehe 25 Mei Lynnette alileta nyuzi kutoka mjini. Baba yake alizifunga akiwa ameketi, mchana kutwa. Kisha akapiga uzi mmoja, mara moja. Akasubiri mpaka sauti ikaisha yote. "Inatosha," akasema, akazima simu. Ni video ya mwisho.

Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tano asubuhi, hospitalini Mombasa, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Abdulghani aliomba atengeneze jeneza yeye. Alikuwa hajawahi kutengeneza hata moja. Alikwenda kupima mwili kwa futi ya kupimia ya Chengo mwenyewe. Kwa jinsi mgongo ulivyojikunja, na haukuweza kunyooshwa, kipimo kilikuwa futi tano na inchi sita. Aliweka futi mfukoni, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi hadi walinzi wakamuuliza kama ni mzima.

Neno hilo lilipofika nyumbani, baba mdogo wa marehemu, mzee Changawa Tinga, alisema alichoona ni haki kusema: "Jina limo, kipimo kimo, na kipimo ni cha kweli. Kuna masanduku mawili ya mtu mmoja. Likishuka moja, la pili litamfuata mtu hapa nyumbani. Gitaa liingie naye."

Hakuna aliyempinga, maana wengi walikuwa wanawaza hivyo hivyo. Lynnette alikuwa amelipakata gitaa na hakuliachia. Pascalia ndiye aliyemgeukia Abdulghani.

"Shemeji, umekata mbao?"

"Bado."

"Tengeneza la futi tano na inchi tisa."

"Shemeji, mimi nimempima. Ni inchi sita."

"Nimesikia. Niliolewa na mtu wa inchi tisa. Huyo ndiye ninayemzika. Huyo wa inchi sita ni wa maradhi, na sanduku lake liko kwa Lynnette." Akamgeukia mzee Changawa. "Baba, sasa ni watu wawili, na kila mmoja ana lake. Kuna sanduku lisilo na mwenyewe?"

Mzee alifikiri. "Hapana, mwanangu," akasema. "Hakuna."

Ndiyo maana jeneza mnaloliona ni refu kuliko mwili. Inchi tatu za miguuni zimeachwa wazi, hazikujazwa nguo wala maua, na wabebaji wameelezwa. Chini ya mto wa kichwa Pascalia ameandika mwenyewe, kwa penseli ya mumewe, jina na kipimo. Gitaa halitashuka kaburini leo. Litabaki hapa juu, kama fundi wake alivyoomba.

Ameacha mjane, Pascalia, watoto, Lynnette na Kai, mjukuu, Cheryl, dada yake, Nyevu, baba yake mdogo, mzee Changawa Tinga, na rafiki yake, Abdulghani, ambaye familia imeomba ahesabiwe miongoni mwa ndugu.

Mwenyezi Mungu amlaze Chengo pema, anyooshe mgongo wake, na ampe pumziko lisilo na maumivu. Amina.